Mkono wa Kushoto wa Bibi Bernadeta

Kufikia Alhamisi asubuhi, Inspekta Ogweno alikuwa ameulizwa swali moja mara nyingi kuliko alivyowahi kuulizwa jina lake.

"Afande, wewe upande gani?"

Alikuwa ameulizwa na mashahidi, na watuhumiwa, na mama muuza chai wa kituoni, na daktari wa meno aliyekuwa amelishika jino lake kwa koleo. Kila mara alijibu kwamba yeye ni Mjaluo wa Shirati, hachezi ngoma, na hana upande. Kila mara aliyeuliza alimtazama kwa huruma, kama mtu aliyeambiwa kwamba mwenzake amezaliwa bila masikio.

Ndiyo sababu kesi hii alipewa yeye. Mkuu wa upelelezi alikuwa ametafuta katika kituo kizima mtu asiye Mgika wala Mgalu, akapata wawili tu: Ogweno na mbwa wa kunusa. Mbwa alikuwa na homa.

Wagika na Wagalu ni vyama viwili vya ngoma ambavyo Wasukuma wamegawana tangu enzi za mababu. Baada ya mavuno hukutana uwanjani, wakacheza kwa wakati mmoja, Wagika mkono wa kuume wa jukwaa la wageni na Wagalu mkono wa kushoto, na watazamaji wakakimbilia kule wanakovutiwa. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Jambo rahisi kabisa. Lakini katika mashindano makubwa ya mwaka wa sitini na moja, mwamuzi alipouona umati, kisha akaona walioshindwa wanavyoyashika majembe yao ya kuchezea, alipanda baiskeli na hakuonekana tena mkoani. Tangu siku hiyo kila upande ulidai umeshinda, na ndoa kadhaa zilivunjika.

Huu ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Mji ulikuwa umejaa televisheni, deki za video na watu waliotoka Dubai. Ndipo Sista Wilhelmina, akisafisha kabati la parokia, alipokuta kopo la filamu. Padri mmoja wa zamani alikuwa amesimama na kamera kwenye jukwaa la wageni siku ile ile, akapiga picha shughuli nzima. Sista akampelekea Ngosha, fundi wa Mabatini, ambaye alikuwa amebuni mashine ya kugeuza filamu kuwa video safi ya dijitali. Jumanne jioni video ikaonyeshwa dukani mwake mbele ya wazee wa pande zote. Kulia kwa picha, umati kama nzige. Kushoto, watu wachache na mbwa. Wagika walishangilia, Wagalu wakapindua mabenchi. Jumatano asubuhi kopo, lililolala mezani dukani humo, lilifunguliwa na filamu haikuwamo.

Kufuli la mlango halikuvunjwa, na ufunguo alikuwa nao Ngosha peke yake. Kwa hiyo kesho, Ijumaa, Ngosha alikuwa apelekwe mahakamani kwa wizi, na mashine yake ikae stoo ya vielelezo, ambako paa lilivuja tangu mvua za El Niño. Mashine hiyo ilikuwa imemla miaka sita, na uchumba mmoja.

Ogweno hakuamini kwamba Ngosha ameiba. Mtu mwenye majivuno kiasi kile haibi kitu kinachoonyesha kazi yake.

"Afande," alisema Koplo Chenge, msaidizi wake, akiingia na uso uliochangamka mno kwa saa za kazi. "Kwanza, yule bibi bado yuko pale kwenye benchi. Pili, mimi naona kesi imeshajulikana. Walioaibika ndio walioiba."

"Wewe upande gani, Chenge?"

"Mgika, Afande. Lakini nasema kama askari."

Ogweno alilaza kichwa mezani kidogo, kisha akainuka, akachukua lile kopo na kilichokutwa ndani yake, akatoka. Kwenye benchi la mapokezi alikaa bibi mmoja mkavu, mnyoofu, mwenye rozari shingoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo ni siku ya pili."

"Subiri kidogo tu, mama."

"Jana ulisema hivyo hivyo," alisema yule bibi, akavuta kanga yake kwa heshima kubwa.

*

Ngosha alikuwa amekaa mahabusu kama balozi aliyecheleweshwa uwanja wa ndege.

"Nieleze tena," alisema Ogweno. "Kwa lugha ya binadamu."

"Zamani, Afande, projekta yangu ilirusha picha kwenye kioo cha kinyozi. Kioo cha kinyozi kikairusha kwenye kioo cha dirisha la bafu, kile chenye ukungu. Kamera ikaitazama picha kutoka nyuma ya ule ukungu. Ilifanya kazi. Lakini kila mtu kwenye video alionekana kama anaoga."

"Na sasa?"

"Nimeondoa ukungu! Picha inatoka kwenye kioo cha kinyozi, inatua kwenye karatasi nyeupe, na kamera ya dijitali inasimama mbele yake, uso kwa uso. Wajapani wana televisheni ya mistari elfu moja na ushee, Afande. Mimi nawanyemelea. Ile video unaweza kuhesabu mbavu za mbwa."

"Nimezihesabu. Sikumwona mwizi." Ogweno aliweka kopo sakafuni. "Jumanne, ulipolifunga hili, uliangalia ndani?"

"Nilipima uzito kwa mkono. Kopo zito lina filamu."

"Kopo zito lilikuwa na hii." Akatoa ukanda mrefu wa ngozi mbichi ya ng'ombe, uliokunjwa kwa mviringo vizuri kama filamu. "Kwa hiyo filamu haikuibwa usiku. Iliondoka wewe ukiwepo, taa zikiwaka, kabla hujafunga mlango. Nani alikuwa karibu na meza?"

"Wote. Mabenchi yalipopinduka, kila mtu alikuwa amenishika shati. Mzee Mayala wa Wagalu ndiye aliyenishika zaidi. Alipiga kelele kwamba video ni uongo, mimi ni Mgika, nimeichezea kwa kompyuta."

"Una kompyuta?"

Ngosha alitazama ukutani. "Nina kiboksi chake, Afande."

Nje ya mlango, Ogweno alimwonyesha Chenge ule ukanda. "Hiki ni kitu gani?"

"Cha kuwambia ngoma, Afande. Unakaza nacho ngozi. Kila mpiga ngoma anacho. Hata mimi ninacho."

"Kiko wapi?"

"Nyumbani."

"Kilete."

"Afande!"

"Kilete, Chenge."

Chenge alikileta, akiwa amenuna. Kilikuwa kizima, na kilinuka mafuta ya taa. Ogweno alimfuta koplo wake kwenye orodha ya washukiwa, jambo ambalo halikumpa faraja yoyote.

*

Wagalu walikuwa wakifanya mazoezi Nyakato, kwenye kiwanja nyuma ya kiwanda cha pamba. Mashindano ya mwaka huu yalikuwa Jumapili. Mzee Mayala, kiongozi wao, alikuwa mtu mrefu mwenye kofia ya manyoya ya mbuni na koti la suti, na alimpokea Ogweno kama aliyekuwa akimngoja kwa hamu.

"Inspekta! Umeipata?"

"Shikamoo, mzee. Bado."

"Marahaba. Aibu hii! Serikali nzima inashindwa na kopo moja! Sisi Wagalu tunaidai hiyo filamu kuliko mtu yeyote. Filamu haisemi uongo. Ile video ni maneno ya Ngosha, na Ngosha ni Mgika. Mtu aliyeumba picha kwa mashine anashindwa kuumba umati? Tuonyesheni filamu yenyewe, tukubali. Bila filamu hakuna aliyeshindwa."

Ogweno aliandika sentensi ya mwisho akilini, akaipigia mstari.

"Jumanne ulikuwa na ukanda wa ngozi mfukoni?"

"Mimi ni mtu wa ngoma. Wewe Jumanne ulikuwa na pingu mfukoni?"

"Nilikuwa nazo."

"Basi."

"Nyumba yako tuliipekua jana."

"Mliipekua vizuri sana. Kuku wangu hawatagi mpaka leo."

Vijana waliinua majembe, wimbo ukaanza, na ngoma kuu ya Wagalu ikapigwa. Sifa ya ngoma ile ilijulikana. Ilisemekana ikipigwa mjini, watu waliopanga foleni ya kivuko kule Kigongo hutikisa mabega. Lakini leo haikunguruma. Ilikohoa. Iligonga kama mtu anayebisha mlango akiwa na mkate mdomoni.

"Imefanya nini?" aliuliza Ogweno.

"Ina mafua," alisema Mzee Mayala upesi. "Ni huu unyevu wa ziwani."

Ogweno aliizunguka, mikono nyuma. Ngozi ilikuwa imekazwa kwa kanda za ngozi ya ng'ombe pande zote, isipokuwa sehemu moja, ambapo paliwekwa kamba mpya ya katani.

"Na hii kamba?"

"Ukanda ulikatika."

"Siku gani?"

"Inspekta, wewe upande gani?"

Wimbo ulikatika. Majembe arobaini, kwa makadirio ya haraka ya Chenge, yalisimama hewani. Ogweno akasema ahsante, akaaga, akatembea hadi kwenye Landrover bila kukimbia, jambo ambalo Chenge alilisimulia kwa miaka mingi baadaye.

Mkuu wa upelelezi alisikiliza kwenye simu ya upepo hadi mwisho.

"Ogweno, unataka kibali cha kupasua ngoma ya Wagalu, wiki ya mashindano, kwa sababu ina kikohozi?"

"Na kamba ya katani, mkuu."

"Na usipokuta kitu ndani?"

Ogweno aliyahesabu tena yale majembe akilini.

"Nina kofia za chuma za kuzuia fujo sita, na mbili hazina mikanda. Mwenye ngoma aifungue mwenyewe kwa hiari yake. La sivyo, kesho fundi aende mahakamani, tulale."

Simu ilikatika. Ogweno aliutazama mkonga wake kwa muda, kama kwamba ungeweza kuomba radhi.

*

Bibi alikuwa bado kwenye benchi. Safari hii aliinua mwavuli wake ukaziba njia.

"Mama, nina kesi ya wizi—"

"Sikuja kwa habari ya wizi. Nimekuja kuishtaki mashine."

Ogweno, ambaye siku hiyo alikuwa ameshindwa na ngoma, alijiona hana nguvu za kushindana na bibi. Akakaa.

Alijitambulisha kuwa ni Bernadeta, mjane, mwanakwaya, mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya. Mwaka wa sitini na moja alikuwa msichana mdogo, na yumo kwenye ile picha, kwenye kona ya chini, amekaa na bakuli la michembe, vile viazi vitamu vya kukausha.

"Hongera, mama."

"Hongera ya nini? Ninakula kwa mkono wa kushoto!"

"Samahani?"

"Kwenye video! Mbele ya mji mzima! Wajukuu wangu wamekuwa wakiniita Bibi Shoto. Jana kwenye jumuiya watu wamenitazama mikono. Mimi, Bernadeta! Mama yangu angeukata huo mkono akaulisha bata. Sijawahi kula kwa kushoto tangu nizaliwe, hata nilipovunjika wa kulia nililishwa. Ile mashine imenisingizia, na nataka iandikwe."

"Labda siku ile mkono wa kulia ulikuwa na kazi nyingine."

"Wa kulia ulikuwa unakula! Wa kushoto ulishika bakuli! Nawe kijana, ukishika bakuli unashikaje?"

Aliinua mkono wake wa kushoto, akashika bakuli lisilokuwepo. Akageuka polepole, akalitazama kabati la kituo, lile lenye kioo mlangoni, na mtu aliyekuwa ndani ya kioo alikuwa ameshika bakuli lake kwa kulia.

"Chenge!"

"Afande!"

"Kwenye ile video, mwanzoni, padri mwingine anabariki mashindano. Anabariki kwa mkono gani?"

Chenge alifikiri, midomo ikimcheza. "Kushoto, Afande. Nilidhani ni mambo ya Wazungu."

"Wale wenye majembe?"

"Kushoto." Uso wa Chenge ulianza kupoteza ule uchangamfu wake. "Wote kushoto, Afande."

"Uwanja mzima wa watu wanaolima kwa mkono wa kushoto, na kituo kizima cha polisi kimeitazama video hiyo mara tano." Ogweno alisimama. "Mtoe Ngosha. Mtafute Mzee Mayala, mwambie nina habari ya filamu. Na wewe, mama, tafadhali twende wote. Shtaka lako limepokelewa."

*

Duka la Ngosha lilinuka risasi ya kuunganishia waya na karanga. Mashine ilichukua nusu ya chumba: projekta iliyofungwa mota ya cherehani, kioo cha kinyozi kwenye kigoda, ubao wenye karatasi nyeupe. Ngosha, akiwa na pingu, alilifuta vumbi kwa kiwiko. Mzee Mayala alikaa mbele, miguu mbali, mikono juu ya fimbo.

"Haya, iko wapi?"

"Kwanza tutazame video tena."

"Nimeshaitazama. Ni uongo."

"Ni uongo kweli," alisema Ogweno. "Ngosha, mtu akisimama mbele ya kioo cha kinyozi, nywele zake zilizochanwa kulia anaziona wapi?"

"Kus..." Ngosha alianza, akaishia hapo. Aliutazama ubao, akakitazama kioo, akalitazama dirisha la bafu lililoegemezwa ukutani kwa aibu. "Ukungu," alinong'ona. "Nilipoitazama kutoka nyuma ya ukungu, ilikuwa inajigeuza mara ya pili. Inarudi sawa. Nimeuondoa ukungu..."

"Umepata mistari elfu moja," alisema Ogweno, "na yote umeigeuza."

Akawasha televisheni, akaielekeza ukutani, akaweka kioo cha kinyozi mbele yake. "Tazameni kwenye kioo. Msitazame televisheni."

Padri mdogo mweusi-mweupe alitokea kiooni, akabariki kwa mkono wa kulia. Watu waliinua majembe kwa kulia. Pale kwenye kona, msichana mwenye bakuli alichota michembe kwa mkono ambao hata mama yake angeukubali.

"Unaona!" alisema Bibi Bernadeta. "Unaona!"

Lakini Mzee Mayala hakumwona msichana. Alikuwa anatazama umati. Ule umati kama nzige, mamia ya migongo, ulikuwa umejaa kushoto. Kulia walibaki watu wachache na mbwa, na katikati yao mzee mmoja mwenye manyoya ya mbuni akiruka peke yake, mgongo kwa kamera, bila kukata tamaa.

"Kushoto ni sisi," alisema Mayala.

"Ndivyo ninavyoambiwa."

"Basi yule anayeruka peke yake si baba. Baba ndiye aliyetuongoza mwaka ule."

"Baba yako yuko kushoto, mzee. Haonekani kwa wingi wa watu."

Mzee alivua kofia. "Siku mbili," alisema kwa sauti ndogo, "siku mbili nimekuwa nikimlilia baba wa Mgika."

Chenge alikohoa. "Afande, mimi naona kanda hii si ushahidi. Mashine ni mbovu. Mtu hawezi kutegemea kioo cha kinyozi."

"Umesikia, mzee?" alisema Ogweno. "Hayo ndiyo watakayosema Wagika wote kesho. Na wana haki. Kanda bila filamu ni maneno ya fundi. Wewe mwenyewe ulinifundisha. Bila filamu hakuna aliyeshindwa. Na hakuna aliyeshinda." Akamwekea magotini ule ukanda wa ngozi. "Kesho asubuhi huyu fundi anaenda mahakamani, na filamu itabaki huko iliko, ikikohoa."

Kwenye kioo, umati wa mwaka wa sitini na moja uliendelea kupiga makofi bila sauti.

"Nilitaka kuichoma," alisema Mzee Mayala hatimaye. "Nilikuwa na kiberiti mkononi. Nikakumbuka baba yumo. Hata kama ameshindwa, mtu anamchomaje baba yake?" Akasimama, akaiokota fimbo. "Nipeni kisu. Mtu mwingine asiiguse ngoma yangu."

Aliifungua mwenyewe kule Nyakato, mbele ya vijana wake, akikata kwanza ile kamba ya katani. Ndani, ikiwa imefungwa kwa kanga ya mkewe, ilikuwapo filamu, nzima.

Wakati wa kurudi kulizuka tatizo dogo. Nani aishike? Ogweno alikuwa ndiye dereva. Chenge alinyoosha mikono kwa utiifu mkubwa mno.

"Wewe hapana," alisema Ogweno. Alimtazama Mayala, naye hapana. Ngosha alizaliwa Mgika. Akageukia kiti cha nyuma. "Mama, ninakuomba radhi kwa swali hili. Wewe upande gani?"

"Mimi ninakula kwa mkono wa kulia," alisema Bibi Bernadeta. "Mengine ni kelele zenu." Akaipakata filamu safari nzima, mwavuli ukiwa tayari.

Jioni hiyo hiyo Ngosha, mikono yake ikiwa huru, aliirusha filamu yenyewe moja kwa moja ukutani, bila kioo, bila kamera, bila Wajapani. Sista Wilhelmina alikuwepo, na wazee wa pande zote mbili. Wagalu walishangilia hadi bati likatikisika. Wagika walidai ukuta una kasoro. Mzee Mayala alimnyooshea Ogweno mikono yote miwili.

"Nifunge sasa, Inspekta. Niko tayari hata miaka kumi."

"Faili la wizi halifungwi kwa furaha, mzee. Jumatatu asubuhi, kituoni. Njoo na mdhamini." Ogweno alijipangusa uso. "Asiwe mtu wa ngoma."

Benchi la kwanza lilipinduka. Katikati ya vurugu hiyo, Bibi Bernadeta alibaki amekaa mbele kabisa, shingo imenyooka, akitazama kona ya chini ya ukuta na si kitu kingine. Msichana alichota, akala, akajilamba vidole vya mkono wa kulia.

"Haya," alisema bibi, akifunga mwavuli wake. "Iandike hiyo kwenye faili lako. Sasa hata nikifa Jumapili, sina neno."